Printa ya nyumbani: hesabu ya wino itangulie hesabu ya mashine

Kila shule zinapofungwa, mwezi Juni na mwezi Desemba, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa mafaili. Mwalimu wa Hisabati anatuma kurasa 12, wa Kiingereza 9, wa Sayansi 15, na chini yake sentensi moja ya upole: mzazi, tafadhali mchapishie mtoto kazi hizi. Mwenye watoto watatu shuleni anajikuta ana kurasa zaidi ya 100 kabla wiki ya kwanza ya likizo haijaisha. Hapo bado hatujataja karatasi za madrasa, barua ya kuomba kazi ya kijana aliyemaliza chuo, na nakala za vitambulisho zinazotakiwa kila dirisha la ofisi. Mama anatoka Nkuhungu na flashi mkononi, anapanga foleni stesheneri, anarudi na bahasha na chenji kidogo. Jioni ile ile linazuka wazo nyumbani: kwa nini tusinunue printa yetu?

Wazo hilo si baya. Tumelisikia kwa wazazi wengi, pengine kwa sababu katibu wa kamati ya msikiti ndiye mtu anayeonekana na karatasi mkononi kila Ijumaa, kwa hiyo hudhaniwa kwamba anazijua mashine. Swali huja hivi: tununue ipi? Nasi hujibu kwa swali jingine ambalo wengi hawakulitarajia: mnachapisha kurasa ngapi kwa mwezi? Asiyeweza kulijibu hilo bado hajafika mahali pa kuchagua mashine. Na fedha inayozungumzwa si ya kuchezea. Kwa nyumba nyingi za hapa kwetu ni karo ya muhula, au ni magunia ya mahindi ya kuvukia kiangazi.

Tuanze na namna biashara hii ilivyojengwa. Printa ndogo za wino wa katriji, zile zinazopangwa mbele dukani kwa bei ya kuvutia, kwa kawaida huuzwa kwa faida ndogo sana au bila faida kabisa. Mtengenezaji hakutegemea mashine imrudishie gharama. Alitegemea katriji, ambayo mnunuzi atairudia mara kumi, mara ishirini, maadamu mashine ni nzima. Ni kama mtu akupe taa kwa bei ya kutupa huku akijua kwamba mafuta ya taa hiyo yanapatikana kwake peke yake.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kisa ambacho wengi wetu tunakijua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye chakula, akaambiwa kwamba mvua ilikinyea. Mtume akamtaka aeleze ni kwa nini basi kile kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona. Tukio hili ndilo tunalolikumbuka tunapofungua boksi la printa. Juu pana bei ya mashine. Unyevu uko chini, kwenye bei ya wino, na mara nyingi uko pia kwenye katriji iliyomo ndani ya boksi lenyewe, kwa sababu baadhi ya mashine, hasa za leza, huuzwa na kile kiitwacho tona ya kuanzia, isiyojazwa kama ile utakayoinunua baadaye. Muuzaji wa Kiislamu analazimika kulisema hilo kabla hajaulizwa. Na mnunuzi naye aingize mkono kwenye lundo: aulize katriji hii inaitwaje, inauzwa bei gani hapa Dodoma, na inatoa kurasa ngapi.

Swali la kurasa ngapi lina jibu lililoandikwa. Watengenezaji hupima wino kwa vipimo vya kimataifa, na idadi ya kurasa huonyeshwa kwenye maelezo ya bidhaa. Kipimo chenyewe huchukulia ukurasa wa maandishi ya kawaida, usio na picha kubwa, kwa hiyo mwenye kuchapisha ramani na michoro iliyojaa rangi asitarajie kufika kwenye idadi hiyo. Hata hivyo kwa kulinganisha mashine na mashine, ni mizani ya haki.

Tuchukue mifano mitatu ambayo idadi zake zinajulikana. Katriji nyeusi ya HP 123, inayotumika kwenye printa ndogo za wino, imeandikiwa takriban kurasa 120. Tona ya HP 85A ya printa ya leza imeandikiwa kurasa 1,600. Chupa nyeusi ya wino wa Epson 103, ya zile printa zenye tangi, imeandikiwa kurasa 4,500. Sasa tuweke bei. Bei hizi ni za mfano tu, msomaji aziondoe aweke za duka lake. Tuseme katriji ni shilingi 45,000, tona inayofanana na 85A isiyo ya kampuni yenyewe ni 35,000, na chupa ya wino ni 35,000. Gawanya. Katriji inakupa ukurasa mmoja kwa shilingi 375. Tona inakupa ukurasa kwa shilingi 22. Chupa inakupa ukurasa kwa shilingi 8 pungufu kidogo. Ongeza karatasi: rimu ya karatasi 500 ikiwa ni 14,000, kila karatasi ni shilingi 28.

Maana ya hesabu hiyo ni hii. Kama stesheneri ya jirani inachapisha ukurasa kwa shilingi 200, basi mwenye printa ya katriji anachapisha nyumbani kwake kwa shilingi 403. Kila ukurasa unaotoka unamtia hasara ya shilingi 203, na kadiri watoto wanavyosoma kwa bidii ndivyo hasara inavyokua. Mashine hiyo haitarudisha fedha yake hata ikidumu miaka 20. Heri ya aliyepanga foleni.

Mwenye tangi la wino, yeye analipa shilingi 36 kwa ukurasa, wino na karatasi pamoja. Anaokoa 164 kila ukurasa. Lakini tusikimbie. Mashine yenyewe tuseme ameinunua kwa 550,000. Ili akiba ya 164 ifikie fedha hiyo anahitaji kuchapisha kurasa kama 3,354. Nyumba inayochapisha kurasa 40 kwa mwezi, na nyumba nyingi hazifiki hapo ukichukua wastani wa mwaka, itachukua karibu miaka 7. Madrasa inayochapisha kurasa 300 kwa mwezi itachukua miezi 11 na kidogo. Mashine ni ile ile, wino ni ule ule, bei ni ile ile. Kwa mmoja ni israfu na kwa mwingine ni busara.

Kwa hiyo kwa familia nyingi zinazotuuliza, ushauri wetu umekuwa wasinunue. Tunajua haupendezi. Kuna baba ambaye tayari ameshawaahidi watoto. Afanye hivi kwanza: kwa miezi mitatu, mmoja wao ukiwa mwezi wa likizo, aandike kwenye daftari kila ukurasa unaochapishwa kwa ajili ya nyumba yake na fedha iliyolipwa. Mwisho wa miezi hiyo atakuwa na jibu kutoka mfukoni mwake mwenyewe, na halitategemea maneno ya muuzaji wala ya katibu.

Hata hivyo tusiwe watu wa shilingi peke yake. Kuna jambo moja ambalo stesheneri haitoi, nalo ni sitara. Mtu anapeleka cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho cha taifa, matokeo ya hospitali ya mkewe, mkataba wa kiwanja. Faili linafunguliwa kwenye kompyuta ya duka, linachapishwa, na linabaki pale. Anayekuja nyuma anaweza kulifungua. Anayelazimika kwenda stesheneri asimame pale pale, aone faili likifutwa, na asikubali kulituma kwa WhatsApp kwenye simu ya duka kama flashi ipo. Mwenye kazi nyingi za namna hiyo, kama mwenzetu anayesimamia mirathi ya ukoo au mama anayewaandikia wajane barua za madai, ana sababu ya kumiliki mashine hata kama hesabu ya miaka inasema subiri. Sitara ya watu nayo ina thamani, ingawa haigawanyiki kwa kurasa.

Sasa kwa yule ambaye daftari limemwambia anunue. Atakuta mbele yake njia mbili: tangi la wino au leza. Za katriji ndogo tumeshazizungumza.

Historia ya printa za tangi inafurahisha, nasi huipenda kwa sababu haikuanzia kwa matajiri. Epson walitoa za kwanza mwaka 2010 nchini Indonesia. Huko mafundi wa mitaani walikuwa tayari wanafunga machupa ya wino pembeni mwa printa za kawaida na kupitisha mirija hadi ndani, ili wateja wao waepuke bei ya katriji. Kampuni iliona kwamba haiwezi kuwazuia, ikaamua kutengeneza mashine yenye tangi lake yenyewe, ikaiuza kwa bei kubwa zaidi na wino kwa bei ndogo. Canon na HP nao wakafuata. Leo ndizo zinazojaa kwenye stesheneri za barabarani, na mwenye stesheneri si mtu wa kupoteza shilingi.

Lakini mashine ya stesheneri haipumziki, na hapo ndipo penye tofauti ambayo mnunuzi wa nyumbani wa Dodoma lazima aifikirie. Wino ni majimaji, na hutoka kwenye vitundu vidogo kuliko unywele. Nyanda zetu hizi za kati hupata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni miezi ya ukavu na upepo, vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kazi za shule nazo huja kwa mafungu: kurasa 100 mwezi Juni, halafu kimya hadi mitihani ya mwisho wa mwaka. Katika kimya hicho wino hukauka kwenye vitundu. Siku mashine inapohitajika inatoa mistari meupe, mwenyewe anaamuru ijisafishe, nayo inajisafisha kwa kutema wino ule ule alioununua. Wino huo wa kusafishia hunyonywa na sifongo iliyo ndani. Ikijaa, mashine hugoma hadi fundi aibadilishe. Baadhi ya mashine mpya zina kisanduku cha kubadilisha mwenyewe, na ni vyema kuulizia jambo hilo dukani.

Atakayechukua tangi la wino, basi, awe tayari kuitumia. Achapishe angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Aizime kwa kitufe chake na asikimbilie kuchomoa waya ukutani, kwa sababu inapozimwa kwa kitufe kichwa cha kuchapia hurudi mahali pake na kufunikwa. Aifunike kwa kitambaa. Asiache tangi likauke, hewa ikaingia kwenye mirija. Na akiisafirisha, iwe kwa basi kwenda Kondoa au kwa bodaboda kutoka Majengo hadi Nzuguni, ikae wima. Tangi likilala, wino humwagika ndani ya mashine. Jambo jingine linalowashtua watu: mara ya kwanza sehemu ya wino huenda kujaza mirija, kwa hiyo chupa za kwanza hazitafikisha kurasa zilizoandikwa. Huo si wizi. Chupa zinazofuata zitafika.

Leza haina matatizo ya kukauka, kwa kuwa tona ni unga. Unaweza kuiacha toka Juni hadi Desemba, ukaiwasha, ikachapisha ukurasa wa kwanza kama ulivyokuwa wa mwisho. Maandishi yake pia hayayeyuki yakiguswa na maji, ilhali wino wa rangi wa chupa nyingi hutawanyika tone moja tu la chai likianguka. Kwa cheti cha madrasa, stakabadhi ya zaka, au orodha itakayobandikwa ukutani wakati wa mvua, tungechagua leza bila kusita. Nyumba inayochapisha maandishi meusi tu, kwa mafungu na kwa vipindi, nayo ingeangalia huko kwanza.

Kasoro yake ni umeme. Ili kuuyeyusha ule unga juu ya karatasi, leza hupasha joto, na wakati wa kuchapisha huvuta wati mia kadhaa, wakati printa ya tangi huvuta wati kumi na kitu. Kwa mwenye LUKU na kurasa chache, uniti hazitaonekana zimekwenda. Kwa ndugu zetu wa vijijini Chamwino, Bahi au Mpwapwa wanaotegemea sola ndogo ya nyumbani, leza haitawaka, au itawaka na kuzima kila kitu. Huko tangi la wino halina mshindani. Wala leza isiunganishwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta; itailemea.

Kuna jambo dogo linalopotezea watu fedha nyingi, nalo ni kununua mashine inayofanana na nyingine kwa sura. Epson L3210 na L3250 zikiwekwa meza moja ni kama pacha, na wino wao ni huo huo wa 103. Ya kwanza inahitaji waya na kompyuta. Ya pili ina Wi-Fi, na simu inaweza kuitumia moja kwa moja, hata nyumba isiyo na intaneti. Nyumba nyingi zinazopokea kazi za likizo kwa simu hazina kompyuta kabisa. Mama akinunua ya kwanza kwa sababu imepungua bei, atakuwa na printa nzuri na bado atapanga foleni stesheneri.

Wino wa bandia upo, na upo kwa wingi. Tunatofautisha hapa vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Wino au tona iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ikauzwa kwa jina lake yenyewe kwamba ni mbadala, ni biashara halali, na ubora wake hutofautiana. Anayenunua amejua anachonunua. Wino uliowekwa kwenye chupa yenye jina na nembo ya kampuni isiyoutengeneza ni ghushi, ni haramu kwa anayeuza, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa kama hizo. Daima mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina la mashine. Bila risiti hakuna dhamana, na anayesafiri hadi Kariakoo kwa ajili ya kuokoa 40,000 ajiulize ataipeleka wapi ikiharibika: atairudisha Dar es Salaam kwa nauli ya nani?

Na fedha ya kununulia itoke wapi? Hapa tunakuwa wakali kidogo. Printa haijafikia kuwa dharura ya kumwingiza Muislamu kwenye riba, na mikopo hii ya mtaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu tunaijua jinsi inavyozimaliza nyumba. Kununua kwa awamu ni jambo jingine. Wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya awamu kuwa kubwa kuliko bei ya taslimu, maadamu pande mbili zimekubaliana bei moja inayojulikana kabla ya kuachana, na haiongezeki mnunuzi akichelewa. Kipengele cha adhabu ya kuchelewa, kile kinachoandikwa kwa herufi ndogo chini ya mkataba, ndicho cha kusomwa kwanza. Kikiwapo, rudisheni kalamu mezani.

Njia tunayoipenda kuliko zote, ambayo hatuelewi kwa nini haijazoeleka, ni ushirika. Mji wetu umejaa watu waliohamia, hasa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa rasmi. Nyumba tano za wapangaji zinazoswali msikiti mmoja, watoto wao wanasoma shule zile zile, na kila moja inafikiria printa yake. Nyumba tano zenye kurasa 40 kila moja ni kurasa 200 kwa mwezi. Kwa hesabu yetu ya mwanzo, mashine ya 550,000 inarudisha fedha yake katika miezi 17 hivi badala ya miaka 7, na kila nyumba imetoa 110,000 tu. Na kwa kuwa inatumika kila wiki, wino haukauki. Tatizo la kiangazi limejiondokea lenyewe.

Ila ushirika wa mdomo huvunja ujirani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni, nasi tunaona adabu hiyo inafaa hapa pia. Andikeni kila mmoja ametoa kiasi gani. Andikeni mashine itakaa kwa nani, na kwamba anayeitunza hawajibiki ikiharibika pasipo uzembe wake, kwa sababu yeye ni mwenye amana. Wekeni daftari juu ya mashine: jina, tarehe, idadi ya kurasa. Wekeni malipo ya shilingi 60 kwa ukurasa. 36 zitanunua wino na karatasi, na 24 zinazobaki, kwa kurasa 200, zitakuwa 4,800 kwa mwezi, yaani 57,600 kwa mwaka, ambayo ni fedha ya fundi. Kisha andikeni yale ambayo watu huona haya kuyataja. Mtumishi akihamishwa kikazi, hisa yake itanunuliwa kwa bei gani? Mmoja akifariki, hisa yake ni ya warithi wake, hata kama ni ya printa, na haigeuki kuwa ya jirani kwa kuwa mashine iko sebuleni kwake.

Wapo wanaotuuliza kwa nini wasitumie tu mashine ya msikiti. Rai yetu ni kwamba inategemea imepatikanaje. Iliyotolewa waqfu na mtu kwa ajili ya kazi za msikiti, sharti la aliyeitoa ndilo linalofuatwa, na kazi za likizo za mtoto wa katibu hazimo ndani yake, sembuse za mtoto wa jirani wa katibu. Iliyonunuliwa kwa michango ya waumini, kamati inaweza kukaa ikaamua kuifungua kwa watu kwa malipo yanayofidia wino, karatasi na uchakavu, fedha ikaingia kwenye kitabu na kusomwa mbele ya jamaa. Kisichofaa ni ile hali ya katikati, ambapo anayejuana na mwenye ufunguo anachapisha bure na asiyejuana naye anaelekezwa stesheneri.

Limebaki jambo moja ambalo printa ikiingia nyumbani huingia nalo. Watoto watachapisha sura za Juzuu Amma kwa ajili ya kuhifadhi, na karatasi zitakwama, zitatoka nusu, zitatoka na mistari. Karatasi zenye aya au jina la Allah zisitupwe kwenye pipa pamoja na maganda ya ndizi, wala zisigeuzwe upande wa pili kufanyiwa hesabu na kisha kufungia maandazi. Wanazuoni wametaja njia mbili. Ya kwanza ni kuzizika mahali safi pasipokanyagwa. Ya pili ni kuzichoma hadi maandishi yaishe, na imepokewa na Bukhari kwamba Sayyidna Uthman (R.A.) aliamuru kuchomwa kwa nakala nyingine baada ya misahafu kuunganishwa. Wekeni boksi dogo pembeni mwa mashine kwa ajili ya karatasi hizo, watoto wazoee kulijua, na likijaa lipelekwe kuzikwa. Karatasi nyingine zote zilizoharibika, za Hisabati na za Sayansi, zina upande wa pili mweupe kabisa, na printa itaupokea vizuri.